Kabla ya Kitonga

Baba Mkubwa alistaafu katikati ya mwaka 1982, akatangaza kwamba atarudi kwao Tukuyu kwa gari lake mwenyewe. Ndugu walimshangaa. Reli ya TAZARA ilikuwapo na treni ilikuwa ikifika Mbeya. Mizigo angeipakia kwenye behewa, yeye akakaa dirishani akala karanga. Akawajibu kwamba serikali imempa pensheni ya karatasi, ila pensheni yake ya kweli ina magurudumu manne, na haiachi Dar es Salaam ikaliwe na kutu.

Lilikuwa Peugeot 404 la familia, lile refu lenye viti safu tatu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari niliyerudi likizo, nikakabidhiwa kwa fundi wa Magomeni nimsaidie. Kumsaidia fundi maana yake ni kushika taa, kuosha vyuma kwa petroli, na kutumwa. Nilitumwa kuliko nilivyoshika taa.

Aliyezaliwa baadaye huenda asielewe kwa nini. Vita vya Kagera viliisha mwaka 1979 vikiwa vimekomba fedha za kigeni, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda, na mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977. Spea za Peugeot tulizoea kuzipata Nairobi. Mpaka ulipofungwa, ukihitaji platini hukwenda tena dukani. Ulikwenda kwa mtu, na mtu huyo naye alikuwa na haja zake. Seti mbili za platini tulizipata Ilala kwa dereva wa teksi aliyekataa pesa. Alitaka mche wa sabuni na sukari. Mama Mkubwa alipima sukari ile huku akinitazama kana kwamba mimi ndiye nitakayeila. Mkanda wa feni ulikuwa kwa mwalimu mmoja wa Temeke ambaye gari lake lilikuwa limeshasimama juu ya matofali. Huyo alihitaji mtu wa kumtafutia kitabu cha mtoto. Kitabu kilikuwa kwa binamu yetu. Binamu alitaka betri za redio. Nilizunguka Dar es Salaam hivyo, kwa miguu na kwa basi lililojaa hadi mlangoni, na nikaja kuelewa kwamba gari la Baba Mkubwa lilikuwa likitengenezwa zaidi sebuleni mwa watu kuliko chini ya mkungu wa fundi.

Fundi mwenyewe alikuwa mtu mfupi, mpole, asiyeandika kitu. Siku ya kwanza hakufungua hata boneti. Aliamuru gari lipakiwe uzito wote litakaosafiri nao, na kwa kuwa vyombo vya nyumbani vilikuwa bado vinatumika tukapakia mifuko ya mchanga. Kisha Baba Mkubwa akaliendesha hadi mlima wa Kimara na kurudi, fundi akiwa kiti cha nyuma kabisa, amefumba macho.

“Mzee, naomba usiongee,” alimwambia Baba Mkubwa, aliyekuwa ameanza kusimulia habari za gari hilo lilipokuwa jipya.

Tuliporudi alitaja mpangilio wa kazi: breki, maji, tairi, injini mwisho. Baba Mkubwa hakupendezwa. Injini ilikuwa ikigonga, na alitaka pistoni zifunguliwe.

“Injini ikikataa, Mzee, mtalala porini,” fundi alisema. “Breki zikikataa mtazikwa huko huko.”

Katika breki fundi alikaa muda mrefu kuliko penginepo. Siku hizo watu walitia humo kitu chochote cha majimaji. Wengine walitia oili ya injini, na oili huvimbisha mipira ya breki mpaka inang’ang’ania ndani ya silinda, gari likabaki limejishika lenyewe. Wengine walitia maji ya sabuni. Hata mafuta halisi ya breki yana ubaya wake: yakikaa miaka hunyonya unyevu hewani. Ukiteremka mlima mrefu ngoma zinapata moto, ule unyevu unachemka na kuwa mvuke, na mvuke hukandamizika. Unakanyaga pedali inakwenda hadi sakafuni bila kushika kitu. Fundi alinieleza hayo akiwa amelala chali, spana mdomoni, na sijasikia mwalimu wa fizikia akiyaeleza vizuri zaidi. Alifungua mfumo mzima, akasafisha mabomba kwa spiriti, akavua ringi zote za mpira na kuzibonyeza moja moja kwa kidole gumba. Zilizolegea alizitupa mbali ili nisije nikazirudisha. Mafuta mapya yalitoka kwa baharia, kwenye kopo ambalo muhuri wake haujavunjwa; fundi aliukagua muhuri kabla hajanisifu.

Rejeta ililehemewa na kuoshwa hadi maji yakatoka meupe. Kisha akafanya jambo lililomkera Baba Mkubwa. Feni ya 404 hujiunga yenyewe kwa umeme injini inapopata joto, jambo ambalo mwenye gari alikuwa akijivunia mbele ya wenye magari ya Kijapani. Fundi aliifunga kwa skrubu iwe inazunguka muda wote. Itakula petroli kidogo zaidi, alikiri, lakini waya mmoja ukikatika kwenye mlima wa Kitonga hakuna wa kutuonea huruma. Thamostati, ambayo mafundi wengi wa Dar es Salaam huing’oa na kuitupa, yeye aliiacha mahali pake. Nimeishi na magari tangu hapo na bado naona alikuwa sahihi kwa yote mawili.

Difu nayo ilikuwa na deko lake. Gia yake kubwa ni ya shaba, si ya chuma kama kwenye magari mengi, na oili nzito ya difu za malori ina dawa zinazoila shaba. Baba Mkubwa alikuwa amepewa dumu zima la oili hiyo na rafiki yake wa kampuni ya malori. Fundi aliinusa, akamrudishia.

Tairi nne zilikuwa za kiwanda cha Arusha, zimebakiwa na kashata za kutosha. Ya akiba ilikuwa kipara. Tulibeba tyubu mbili, solushen, viraka nilivyokata mwenyewe, pampu ya mkono, na vipande virefu vya tyubu iliyochanwa, ambavyo kwa hakika ndivyo vilivyoshikilia nusu ya magari ya nchi hii enzi hizo. Tulibeba pia sabuni kwa ajili ya tangi likitoboka na manjano kwa ajili ya rejeta ikivuja. Mama Mkubwa aliuliza kama tunakwenda kupika.

Petroli tuliipata kidogo kidogo. Hesabu ya fundi ilikuwa lita 12 kwa kilomita 100 kwa mzigo ule. Hadi Mbeya ni kilomita zaidi ya 800. Tangi linachukua lita 50 na ushee. Kilichobaki kilikwenda kwenye jerikeni zilizofungwa juu ya keria, kwa sababu fundi alikataa katakata ziwekwe ndani na watu. Siku ya kuondoka ilikuwa Jumamosi, na haikuwa hiari: Jumapili ikifika saa nane mchana gari binafsi halikuruhusiwa barabarani bila kibali. Anayeharibikiwa Jumamosi jioni alikuwa na asubuhi moja tu ya kujikwamua, vinginevyo alale hapo hadi Jumatatu. Ndiyo maana fundi naye alipewa kiti. Angerudi Dar es Salaam kwa treni.

Tulitoka alfajiri. Morogoro, kisha Mikumi, kisha bonde la joto la Ruaha Mbuyuni, sikumbuki mengi zaidi ya mibuyu na kelele za vyombo vya jikoni. Chini ya Kitonga fundi aliomba tusimame, injini ipoe kabisa. Akamwambia Baba Mkubwa apande kwa gia ya pili tangu mwanzo, asisubiri gari limwombe. Barabara ile hupanda ikijikunja ukingoni mwa korongo, na kila kona kulikuwa na lori limewekewa mawe nyuma ya matairi, boneti wazi, moshi mweupe unatoka. Mshale wa joto ulipanda, ukasimama kabla ya alama nyekundu, ukabaki hapo hadi juu. Hakuna aliyeongea, hata Baba Mkubwa. Iringa, iliyo mita 1,600 hivi juu ya bahari, fundi alipunguza petroli kwenye kabureta kwa robo mzunguko wa skrubu kwa kuwa hewa ni nyepesi, na injini ikaacha kukohoa.

Jumapili asubuhi, kupita Makambako, tulikuta pikapu ya 404 imesimama kando, dereva wake ameketi kwenye ngazi ya mlango. Platini zimeungua. Baba Mkubwa alishuka na seti yetu ya akiba mkononi, tayari kumpa bure kama Mkristo mwema. Fundi akamshika mkono.

“Mzee, ukifika Tukuyu utaagiza kwa nani?”

Akamgeukia dereva, wakasalimiana, wakaulizana anakotoka na anakokwenda. Ilibainika kwamba kila mwezi yule bwana hufika Tunduma, na ng’ambo ya mpaka ana shemeji mwenye gereji. Fundi alimfungia platini yeye mwenyewe, hakutaka pesa wala petroli. Alimwandikisha Baba Mkubwa jina na mahali anapoishi dereva nyuma ya pakiti ya sigara, akamwambia dereva kwamba anadaiwa seti moja ya platini, na baada ya hapo watauziana kwa bei ya kindugu.

Deni lililipwa kabla ya Krismasi. Hadi mpaka wa Kenya ulipofunguliwa Novemba 1983, kila spea iliyoingia kwenye gari lile ilipitia Tunduma kwa mkono wa dereva yule, na Baba Mkubwa alikuwa akimlipa kwa ndizi na kahawa.