Herufi 76 zilizonipeleka mbio Kondele

Haya ndugu msomaji, nimeadimika kidogo hapa kibarazani. Sababu ni mstari mmoja tu wa skripti, na leo nauanika hadharani ili nawe usije ukatumbukia shimo lile lile.

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Kondele aliniomba mfumo mdogo. Mteja akichukua saruji au mabati, karani aandike namba yake ya simu, naye aletewe ombi la M-Pesa aweke PIN tu. Hiyo ni kazi ya Daraja, ile API ya Safaricom iliyotoka 2017. Nenosiri la ombi hupatikana kwa kuunganisha namba ya biashara, ufunguo na muda, kisha kusimba yote kwa base64. Kwangu zilikuwa tarakimu 6, herufi 64 na tarakimu 14, jumla baiti 84. Base64 hugeuza kila baiti 3 kuwa herufi 4, kwa hiyo jibu ni herufi 112 kamili.

Niliandika skripti kwenye Mac yangu ya zamani, ikapita majaribio yote. Nikaihamishia kwenye kompyuta ya Linux pale dukani, nikapokea nusu ya malipo, nikaenda zangu.

Jumamosi asubuhi simu ikalia. "Mwanangu, wateja wamesimama hapa na simu zao kimya. Mmoja ameshavuka barabara kwa jirani!"

Nikaulaumu mtandao, nikazilaumu funguo. Nusura nibandike nenosiri zima kwenye kundi la WhatsApp la wenzangu, mkono ukasita. Base64 si kufuli! Ni nguo tu: mtu yeyote kwa amri moja anaivua na kuusoma ufunguo wa Mama.

Basi nikalipitisha nenosiri kwenye od -c, nikamwona mchawi: \n katikati, baada ya herufi ya 76. base64 ya GNU hukata mstari kila herufi 76, ya Mac yangu haikati. Desturi hiyo imetoka kwenye barua pepe, kwani kanuni za MIME za 1992 hazikuruhusu mstari wa base64 kuzidi herufi 76. Nayo $( ) huondoa mistari mipya ya mwishoni tu. Ule wa katikati ulibaki, na JSON haukubali.

Kwa haraka nikaandika hivi:

echo "$namba$ufunguo$muda" | base64 -w 0

Sasa mstari ni mmoja, lakini ombi likakataliwa tena. Nikahesabu: herufi 116, na mwishoni Cg==. Hiyo ni alama ya mstari mpya ambayo echo huongeza kimyakimya, nami nimeisimba pamoja na ufunguo! Usikimbilie echo -n, maana kuna sheli zinazoichapa hiyo -n kama ilivyo. Na -w 0 yenyewe, Mac yangu haiijui.

Dawa iliyofanya kazi kote kuwili ni hii:

printf '%s' "$namba$ufunguo$muda" | base64 | tr -d '\n'

printf haiongezi kitu, na tr inafuta mikato yote. Mashine ikikosa base64, weka openssl base64 -A mahali pake. Yupo pia mzee uuencode, aliyeandikwa na Mary Ann Horton kule Berkeley mwaka 1980. Ukimpa -m anatoa base64, ila lazima ufute mstari wa kwanza, begin-base64, na wa mwisho, ====.

Saa sita mchana simu ya fundi mmoja ikaita, akaweka PIN, akabeba mabati yake. Nikaanza kumweleza Mama habari za herufi 76. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Na yule aliyevuka barabara, utamrudisha vipi?"

Sikuwa na jibu. Nusu ya pili ya malipo sikuidai mwezi ule. Siku hizi sikabidhi skripti kabla ya kuijaribu kwenye mashine ile ile itakayoishi, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha karani mwenyewe.

Alamsiki, tukutane tena.