Tangu Dakota Mpaka Caravan

Kwetu Kikwajuni, Unguja, hakuna aliyekuwa na heshima kama mjomba wangu, kaka yake mama. Hakuwa sheha wala mwalimu wa chuo. Alikuwa fundi wa ndege wa East African Airways. Shirika lile lilianza kuruka mwaka 1946, mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na Dakota zake zilikuwa zikitua kiwanja cha Kisauni tangu kabla mimi sijazaliwa. Mjomba alisomea ufundi Nairobi. Akija likizo, vijana wa barazani walimzunguka wakitaka kujua injini inawashwaje na vipi bawa linabeba mzigo wote ule. Alikuja na sanduku la spana ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuliegemea.

Kilichomtofautisha na wengine mtaani hakikuwa ndege peke yake. Mshahara wake uliingia kwa tarehe yake. Alikatwa akiba ya uzeeni kila mwezi, na hati ya makato alipewa mkononi. Alikuwa na zamu inayojulikana, na zamu ikisha, alikwenda kulala. Mama alikuwa akituambia tusome ili tuwe kama yeye, na hakuwa na maana ya vyuma.

Mwanzoni mwa 1977 East African Airways ikafa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe haikumaliza mwaka ule. Kenya wakawa na Kenya Airways, na mwezi wa Machi Tanzania ikaunda Air Tanzania. Mjomba akahamia Dar es Salaam kwenye ndege zake zenye nembo ya twiga, na kazi ikaendelea. Akiba yake ya miaka ya Jumuiya haikuhama pamoja naye. Wafanyakazi wa Tanzania waliokuwa wa Jumuiya, wa reli, posta, bandari na ndege, walikuwa zaidi ya 31,000, na wengi waliingia uzeeni wakiwa bado wanadai mafao. Mwaka 2005 serikali ilifikia makubaliano nao, wengine wakalipwa, wengine wakasema hesabu si hiyo. Wazee wenye mikongojo walikwenda kukaa barabarani Dar es Salaam, watu waliowahi kuendesha treni na kutengeneza ndege.

Mjomba alikuwa na faili lake la madai. Nimelishika mwenyewe: barua za kuomba, barua za kujibu kwamba ombi limepokelewa, nakala za kitambulisho cha kazi, na hati moja ya makato ya 1974 iliyofifia hadi tarakimu zikawa hazisomeki bila kuinuliwa kwenye mwanga. Alikuwa mtu asiyekubali boliti iliyolegea robo ya mzunguko. Aliishia kuhesabu karatasi jioni hadi jioni, akizipanga upya kana kwamba zimepangwa vibaya ndiyo maana hajalipwa.

Mimi niliingia kiwanja cha ndege miaka ya tisini, kaunta, si ufundi. Utalii ulikuwa umefunguliwa, mashirika binafsi yanaanza, ZanAir mwaka 1992, na baada yake mengine. Badala ya Dakota na Fokker zikaja ndege ndogo, na kati ya hizo Cessna Caravan ndiyo iliyotawala: injini moja, abiria kama kumi na mbili, rubani mmoja, na mara nyingi abiria mmoja akikalishwa mbele kando yake. Unguja hadi Dar es Salaam ni dakika ishirini. Pemba ni kama nusu saa.

Anayeziona zikipita juu ya Mazizini hadhani kwamba ni kazi ngumu. Basi simama pembeni asubuhi moja ya mwezi wa Agosti. Rubani kijana anakuja na karatasi ya uzito mkononi, anawaangalia abiria mmoja mmoja kwa macho ya kukadiria, anampeleka mnene mbele na mtoto nyuma. Anasaidia kusukuma masanduku kwenye tumbo la ndege. Anazunguka, anagusa bawa, anaangalia mafuta, anapangusa kioo. Anawaeleza abiria mikanda na milango, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza. Anaruka, anatua, anashusha, anaanza tena. Safari fupi hazipumzishi kwa kuwa ni fupi. Kuruka na kutua ndiko kunakochosha, na yeye siku nzima anafanya hayo mawili tu, kwenye jua la Unguja, na wakati wa masika anakwepa mawingu yaliyosimama juu ya Chumbe.

Mtoto wa jirani yetu alikuwa mmoja wa marubani hao. Wazazi wake waliuza kiwanja Fuoni ili asomee urubani Afrika Kusini. Alirudi na leseni ya biashara na saa za kuruka zipatazo mia mbili, na hakuna aliyemtaka, kwa sababu kila mahali waliuliza saa nyingi zaidi. Akakubali kukaa kiti cha kulia bila mshahara, kwa posho ya chakula, mradi saa ziandikwe kwenye kitabu chake. Baadaye akapewa ndege, na mkataba wa miezi sita, ukaisha, ukapigwa tena muhuri wa miezi sita. Hakukuwa na makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, ZSSF, wala ya mfuko mwingine. Alipoumwa mgongo, siku alizolala hazikulipwa. Alivumilia mpaka akafikisha saa 1,500, ambazo ndizo kipimo cha leseni kubwa ya urubani. Mwaka huo huo akaondoka kwenda Ghuba. Sasa anaendesha ndege kubwa, na wazazi wake wameshajenga.

Tukimlaumu tutamwonea. Hata hivyo aliyeondoka ndiye aliyekuwa anaijua njia ya Pemba kwa kusi na kwa kaskazi, na aliyechukua nafasi yake alianza kujifunza upya. Ndivyo inavyokwenda tangu nilipokuwa kaunta hadi leo. Kwa vijana hawa Unguja imekuwa kituo cha kupitia tu.

Machi 2020 watalii walikatika kwa sababu ya korona, na wengi wa mikataba mifupi waliambiwa wakae nyumbani bila malipo. Wapo waliofungua duka, wapo waliokwenda kuvua. Kisha watalii wakarudi kwa kasi ambayo hakuna aliyeitazamia: mwaka 2022 walipita idadi ya 2019, na mwaka 2024 walikuwa zaidi ya 736,000. Terminal 3 ya kiwanja chetu inang'aa. Watu wa kuzirusha na kuzihudumia ndege, hasa wenye uzoefu, hawakurudi kwa kasi hiyo. Wenzangu waliobaki kaunta wananiambia kwamba siku rubani amemaliza saa zake za kisheria na wa kumbadili hayupo, wanaagizwa kuwaambia abiria ndege ina hitilafu. Ndege ni nzima.

Hata chini ya ndege kuna wasiwasi. Disemba 2022 kuhudumia ndege katika Terminal 3 kulikabidhiwa kampuni ya Dnata ya Dubai, na wafanyakazi wa kampuni za zamani, wengine na miaka mingi kazini, wakaanza kuuliza wao wataangukia wapi.

Kwa nini marubani wetu hawagomi? Wazee wa Malindi wanakumbuka hadithi za 1948, wachukuzi wa gatini walipogoma na mji mzima ukasimama. Na Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, wakidai pamoja na mengine michango yao ya akiba iliyosimamishwa, na maelfu ya abiria wakakwama Nairobi. Wale wana chama chenye nguvu na mwajiri mmoja. Wetu wametawanyika kwenye kampuni ndogo ndogo, kila mmoja na mkataba wake. Tena wamekaa katikati ya sheria mbili: usafiri wa anga ni jambo la Muungano, leseni yao inatoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, Dar es Salaam, ila kazi na ajira si la Muungano, na Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira ya 2005. Kijana aliyeajiriwa Dar na kufanya kazi Unguja, akipeleka shauri huku anaambiwa aende kule. Kwa hivyo wanagoma kwa kuondoka, mmoja mmoja, bila bango.

Wapo wanaosema tatizo ni uhaba wa marubani, na dawa ni kusomesha wengi zaidi. Kusomesha ni kuzuri, na ningependa watoto wa Unguja na Pemba wapate mikopo bila wazazi kuuza ardhi. Lakini ukimsomesha na kumpa mkataba wa miezi sita, umemsomeshea Doha.

Ninawaomba wenye mamlaka, wizara zinazohusika na kazi na uchukuzi pande zote mbili za Muungano, wakae meza moja na shirikisho la vyama vya wafanyakazi Zanzibar, ZATUC, na kampuni za ndege, waamue mambo matatu: shauri la mfanyakazi wa ndege wa Unguja lisikilizwe Unguja, mkataba uwe wa miaka na si miezi, na makato ya uzeeni yaanze mwezi wa kwanza na hati yake apewe mkononi. Mjomba wangu alikuwa na hayo mawili ya mwisho mwaka 1974; alichokosa ni mtu wa kumlipa baadaye.