Safari ya Juma Moja: Kutoka Kitengela Hadi Amboseli

Watu wengi wa bara wapatapo siku saba za mapumziko hufikiri mara moja juu ya pwani. Wao na rafiki zao hutamani kupanda mashua, kwenda kutoka kisiwa hadi kisiwa, na kupiga mbizi ili watazame samaki. Hamu hiyo ni njema. Lakini Kaunti ya Kajiado, isiyo na pwani hata shubiri moja, ina visiwa vya namna nyingine, navyo vinastahili kutembelewa na marafiki watano au sita waliochangiana gharama za gari na petroli. Visiwa hivyo ni mahali walipobaki wanyama wa porini, na bahari inayovizunguka ni nyumba, mashamba na nyua za seng'enge.

Safari yaanzia Kitengela, mji ulio kando ya barabara kuu iendayo Namanga, mwendo wa kilometa zipatazo 30 kusini ya Nairobi. Kaskazini yake, ng'ambo ya Mto Mbagathi, ndipo ilipo Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, nayo ndiyo ya kwanza katika Kenya. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 117 tu. Pande tatu zimezungushiwa ua, na upande wa kusini, penye mto, uliachwa wazi. Mvua zikinyesha, nyumbu na punda milia walivuka mto wakaenda uwanda wa Kitengela kuzaa, maana majani ya huko ni mafupi na yana chumvichumvi inayowafaa mama wanyonyeshao. Kiangazi kikianza walirudi mbugani kufuata maji.

Mwenye ng'ombe hakupendezwa na ugeni huo hata kidogo. Ndama wa nyumbu huwaambukiza ng'ombe maradhi yanayoua na yasiyo na dawa, na kwa hiyo Wamasai tangu zamani huhamisha mifugo yao nyumbu wanapozaa, wakawaachia malisho yaliyo mazuri kuliko yote. Msafiri atokaye mjini na kusifu wingi wa wanyama yampasa kujua kwamba majani waliyokula yana mwenyewe.

Katika miaka ya 1970 nyumbu wa uwanda huo walihesabiwa kwa makumi ya elfu. Kufikia mwaka 2010 walioingia mbugani wakati wa kiangazi walikuwa mamia machache tu. Sababu zake haziko mbali. Ardhi ya Kitengela iliyomilikiwa kwa pamoja iligawanywa mwaka 1988, kila mmoja akapata hati yake. Kisha, baada ya sheria ya mwaka 1990, viwanda vya bidhaa za kuuza nje vikajengwa Athi River, na wafanyakazi wake wakatafuta vyumba na viwanja hapo jirani. Mwenye hati aliuza kidogo ili alipe karo au hospitali, na mnunuzi akaweka ua kama afanyavyo mnunuzi yeyote mwenye akili. Hapana aliyekusudia kuifunga njia ya nyumbu, lakini ilifungwa.

Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuikodi ardhi hiyo kwa ajili ya wanyama. Mwenye shamba alilipwa dola 4 za Kimarekani kwa kila eka kwa mwaka, naye akaahidi kutoweka ua na kutowadhuru wanyama. Fedha zilitolewa mara tatu kwa mwaka, shule zinapofunguliwa, na watoto wengi walisoma kwa fedha hizo. Hata hivyo, mtu aliyewahi kuuliza bei ya kiwanja kimoja Kitengela ataona mwenyewe kama dola nne zaweza kushindana nayo. Nao simba hawakungoja hesabu hizo zikamilike. Mwezi wa Juni 2012 simba sita, wakubwa kwa wadogo, waliuawa na wananchi karibu na Kitengela baada ya kuvamia mbuzi usiku.

Siku ya pili wasafiri hufika Isinya, wakageuka magharibi kwa barabara ya Kona Baridi, kisha wakateremka Bonde la Ufa kwa barabara ya Magadi. Joto huongezeka kwa kila kilometa. Njiani kuna Olorgesailie, ambako Mary na Louis Leakey walianza kuchunguza mwaka 1942 wakakuta shoka za mawe zimetapakaa kwa mamia. Nyingine zina umri wa miaka inayokaribia milioni moja. Shoka hizo zimeachwa pale pale zilipoonekana, na mtu hupita juu yake kwa daraja la mbao. Yatosha kusimama hapo nusu saa.

Magadi yataka siku nzima. Kampuni ya kuchimba magadi iliundwa mwaka 1911, na reli ikaletwa kutoka Konza kupitia Kajiado ili kuyachukua. Ziwa lenyewe kwa mbali laonekana kama theluji iliyochafuka, kwa sababu ya tabaka la chumvi. Heroe, ndege warefu wa rangi ya waridi, hutembea katika maji ya kina kifupi wakichuja chakula kwa midomo yao iliyopinda. Kusini mwa ziwa zipo chemchemi za maji ya moto, na aliyesikitika kwa kukosa kupiga mbizi ataipata faraja yake hapo. Akiinama tu pembeni ataona samaki wadogo, jamaa ya ngege, wakiogelea katika maji yenye joto la nyuzi 40 na zaidi, makali kwa magadi kiasi cha kuichoma ngozi ya mtu. Samaki wengi wengine wa jamaa hiyo wangekufa humo upesi.

Kutoka Magadi hurudiwa Isinya, ndipo njia ya kusini ifuatwe: Kajiado mjini, Bisil penye mnada mkubwa wa mifugo, na Namanga chini ya Ol Doinyo Orok, yaani mlima mweusi. Kutoka hapo barabara ya vumbi huelekea mashariki hadi Amboseli.

Amboseli ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1948 na ikawa mbuga ya taifa mwaka 1974. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 392, na mvua yake ni haba. Kinachoiokoa ni Kilimanjaro, mlima wa Tanzania wenye urefu wa meta 5,895. Maji yake hupita chini ya mawe ya volkeno, yakaibuka Amboseli katika vinamasi kama Enkongo Narok, maana yake jicho jeusi. Humo tembo huzama hadi tumboni wakila majani mabichi, hali nchi yote ya jirani ni vumbi. Yafaa kuamka mapema, maana mlima hujifunika mawingu kabla ya saa nne. Familia za tembo hawa zimechunguzwa moja moja tangu mwaka 1972, kila mmoja akijulikana kwa alama za masikio yake.

Ukame wa mwaka 2009 uliua sehemu kubwa ya nyumbu wa hapo, na ng'ombe wengi pamoja nao. Ule ulioisha mwaka 2023 uliacha jambo jingine: simba waliokosa mawindo waliingia mabomani. Katika juma moja la Mei 2023 simba kumi waliuawa, mmoja wao Loonkito, dume mwenye umri wa miaka 19, umri ambao simba wa porini ni nadra sana kuufikia.

Siku ya mwisho njia hupita Kimana, ambako mwaka 1996 wenye ardhi wenyewe walitenga hifadhi yao. Tembo wakitoka Amboseli kwenda Chyulu na Tsavo hupita hapo, kati ya mashamba ya nyanya na vitunguu, kwa ujia uliokwisha kuwa mwembamba. Mwaka 2020 palizuka ubishi juu ya shamba la maparachichi la eka 180 lililowekewa ua wa umeme karibu na ujia huo. Wenyewe walisema kwamba ardhi ni yao kwa hati na kwamba kilimo chaleta kazi. Majirani wao, wenye ardhi vile vile, walisema kwamba tembo wakizuiwa hapo watapita katika maboma yao. Mwaka 2021 baraza la rufani la mazingira liliunga mkono kufutwa kwa kibali cha shamba hilo. Kutoka Kimana hadi Emali barabara ni ya lami, na Kitengela hufikiwa kabla ya jua kutua.