Fimbo Namba Saba

Daftari langu la kwanza la barafuni lina madoa ya chai, kurasa mbili zilizogandana, na mstari mmoja ambao jicho huukimbilia kabla sijasoma kitu kingine. Umefutwa kwa kifutio mpaka karatasi imechubuka. Ni mstari wa fimbo namba 7. Kilichokuwapo pale kabla sijakifuta ni uongo mdogo, nilioandika kwa mkono wangu mwenyewe ndani ya kibanda kimoja cha Svalbard, usiku wa mwisho wa Aprili ambao haukuwa na giza.

Nikijaribu kuueleza uongo ule, najikuta narudi nyuma mpaka kwenye barua.

Nimekulia upande wa Marangu, kwenye kihamba cha babu, shamba la ukoo, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tulikiona asubuhi kabla mawingu hayajapanda. Kusema kweli sikuwahi kuiwaza ile nyeupe yake kama barafu. Ilikuwa rangi tu ya juu ya mlima, kama ilivyo rangi ya paa la jirani. Nilikuja kuiwaza chuoni, mhadhiri alipotueleza kwamba mwaka 2000 kikosi cha Lonnie Thompson, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, kiliitoboa barafu ile mara 6 mpaka kwenye mwamba, na kwamba vipande virefu vilivyochomolewa vimehifadhiwa katika vyumba vya baridi mjini Columbus. Vilikadiriwa kubeba miaka ipatayo 11,700. Nilitoka darasani nikiwa na wivu wa ajabu. Kumbe mlima wetu una kumbukumbu, na kumbukumbu yenyewe iko Marekani.

Ndipo nilipoanza kutafuta njia. Kwa kijana wa kwetu njia zipo, ila lazima uzitafute kama anayetafuta sindano. Kuna APECS, umoja wa watafiti vijana wa sayansi ya ncha za dunia, uliozaliwa wakati wa Mwaka wa Kimataifa wa Ncha wa 2007 na 2008. Kujiunga hakulipiwi, na matangazo yake ya nafasi ndiyo yaliyokuwa gazeti langu la kila wiki. Kuna shule za kiangazi ambako wanafunzi wachache hukaa na mabingwa wakifundishwa jinsi barafu inavyotiririka kwa uzito wake yenyewe: moja hufanyika Karthaus, kwenye milima ya Alps ya Italia, nyingine McCarthy kule Alaska. Na kuna kozi za Longyearbyen, mji wa Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo nyuzi 78 kaskazini, ambako kabla ya kutoka nje ya mji unafunzwa kwanza kushika bunduki kwa ajili ya dubu weupe. Nafasi nyingi za aina hii zinataka barua ya kueleza kwa nini wewe.

Barua yangu niliiandika usiku mmoja, na ilinitoka kwa urahisi ambao leo unanitia aibu. Niliandika kwamba barafu ya Kilimanjaro ndiye mama wa mito yetu, kwamba inapoyeyuka mifereji ya wazee wangu inakauka, na kwamba nataka kuisoma kabla watu wangu hawajafa kiu. Rafiki yangu aliisoma akasema itawaliza. Nami nilitaka walie.

Kwenye mahojiano ya video kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, mwenye sauti ya upole, ambaye hakulia. Aliniuliza barafu ya Kibo inachangia kiasi gani cha maji ya mto wa kule nilikokulia. Nikajibu, kikubwa sana. Akauliza tena, polepole, kana kwamba mtandao ndio ulionizuia kumsikia: kiasi gani? Nikanyamaza. Akaandika kitu. Sikupata nafasi ile.

Nilikasirika kwa miezi. Niliwaambia watu kwamba wale hawataki Mwafrika. (Huenda wapo wasiotaka. Lakini siku ile swali lilikuwa la haki.) Hasira ilipopoa ndipo nilipoanza kusoma kwa kutafuta, si kwa kuthibitisha. Nikakuta kwamba maji ya mito ya Kilimanjaro hutoka, karibu yote, kwenye mvua inayonyesha ukanda wa msitu, na kwamba mchango wa barafu ni mdogo mno. Barafu ile ni kidogo: ilikuwa takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912, na kufikia 2011 zilibaki zisizofika 2. Tena sehemu yake haigeuki maji kabisa. Jua kali na hewa kavu ya kule juu huigeuza mvuke moja kwa moja. Nikasoma pia watafiti akina Georg Kaser na Thomas Mölg wakieleza kwamba kupungua kwake kulianza na hali ya hewa kukauka mwishoni mwa karne ya 19, na wengine wakisisitiza joto la dunia, na wote wakiwa na sababu zao. Makala ya Thompson ya mwaka 2002 ilikuwa imekadiria kwamba barafu ile ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Haikutoweka. Haijapona pia. Mlima ulikuwa mgumu kuliko aya yangu.

Krismasi ile nilipanda nyumbani. Babu alikuwa mmoja wa wazee wa mfongo, mfereji wetu wa maji, yule anayejua zamu ya kila kihamba kupata maji na ugomvi wa kila zamu. Nikamuuliza, kwa unyonge, maji ya mfongo yanatoka wapi.

“Msituni,” akasema. “Ulidhani wapi?”

“Nilidhani kule juu, babu.”

“Kule juu kuna baridi tu.”

Alicheka mpaka akakohoa. Miaka yote ile nilikuwa nikizungumza kwa niaba yake, na sikuwahi kumuuliza. Ningependa kuishia hapo, na mzee akiwa ndiye aliyejua yote, lakini si kweli. Jioni ile ile aliniambia kwamba theluji imepungua kwa sababu ya makelele ya watalii, na nilipomuuliza amejuaje, alinitazama kama nilivyomtazama yule mama wa mahojiano.

Mwaka uliofuata niliomba tena, kwa barua fupi yenye maswali zaidi ya majibu, nikapata. Halafu nikaikosa. Svalbard iko nje ya eneo la Schengen, lile la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ukitoka Oslo kwenda Longyearbyen umetoka, ukirudi unaingia upya, kwa hiyo viza inayotakiwa ni ya kuingia mara mbili. Palipoulizwa mara ngapi, mimi nilijaza mara moja, bila kusoma wala kuuliza, kwa sababu nilikuwa nakwenda mara moja. Kozi ilianza nikiwa Dar es Salaam. Nilifika mwaka wa tatu.

Kazi tuliyopewa haikuwa na ushujaa wowote. Barafu ndogo, fimbo za alumini zilizozamishwa kwenye matundu yaliyotobolewa ndani yake, na sisi kupita kwenye kila moja tukipima kipande kilichobaki juu na kuchomeka chuma chembamba kujua kina cha theluji. Hesabu yake hata mtoto wa duka anaielewa: theluji ya majira ya baridi ndiyo mapato, kinachoyeyuka kiangazi ndiyo matumizi, na vuli unajua kama barafu imekula mtaji. Tuliandika kwa penseli kwa kuwa wino huganda. Mimi ndiye niliyeshika daftari. Kwenye fimbo ya 7 upepo ulizidi, mwenzangu akapaza sauti ya namba, nikaitikia, na vidole vyangu havikuwa vyangu tena. Nilijiambia nitaandika tukifika ya 8.

Usiku kibandani nikaona pengo. Namba 6 ilikuwa na sentimita 184 za theluji, namba 8 ilikuwa na 171. Mwenzangu amelala. Nikaandika 178. Ilikaa vizuri pale, kama jiwe lililochongwa kwa ajili ya shimo lake. Sikuhisi kwamba nadanganya. Nilihisi kwamba nasaidia. Nimewaza sana juu ya hisia ile, na nadhani ndiyo ile ile iliyoandika barua na kujaza fomu ya viza. Kinachonitisha si ubaya wake bali utamu wake.

Ningependa kusema nilikiri asubuhi. Nilikiri siku ya tatu, baada ya kiongozi wetu kuchora grafu na kusema kwamba mteremko wa fimbo zetu ni laini, unapendeza. Neno lile, laini, ndilo lililonitoa. Mwenzangu alipoulizwa hakukumbuka namba aliyotamka. Kiongozi hakunigombeza. Alisema andika kwamba haikusomwa, akaendelea kunywa kahawa, na kwa kuwa dhoruba ilishafunga njia hatukurudi tena kule juu. Katika faili la mwaka ule, mbele ya fimbo namba 7, ipo -9999, ambayo ndiyo namna ya watu wa takwimu kusema hapa hapana kitu. Mara nyingine nalifungua faili lile bila shughuli yoyote.

Nayasimulia haya kwa sababu wiki hii binti mmoja, mwanafunzi wangu kutoka Machame, ameniletea barua yake ya maombi niipitie. Mwisho wa kuituma ni Ijumaa. Sentensi yake ya kwanza inasema barafu ya Kilimanjaro ndiyo uhai wa mito yetu. Nilichukua penseli nikaandika pembeni, umejuaje, kisha nikafuta, kwa sababu nakumbuka maneno hayo yalivyonipiga, na kwa sababu nyingine nisiyoipenda: najua kamati ambazo zingeipenda sentensi ile. Zipo zinazotaka hasa kijana wa Kiafrika na mlima wake unaolia, na nafasi ni chache. Mimi ni nani nimtoe mtoto wa watu kwenye mlango ambao huenda ungefunguka? Au ni nani nimwache apite na deni ambalo atakuja kulilipia peke yake, mbele ya skrini, kwa mtu mwenye sauti ya upole?

Jana jioni alinitumia ujumbe: “Shikamoo mwalimu, samahani kwa usumbufu. Umeshaisoma?”

Nimeisoma mara nne.