Jalada la Nyumba

Baina ya vita vikuu viwili, jiji la Paris liliweza kusema ni nyumba ipi iliyoua watu kwa kifua kikuu, ilhali halikuwa na orodha ya wagonjwa. Madaktari wa Ufaransa waliishikilia siri ya mgonjwa, wala sheria haikuwalazimisha kumtaja. Lakini maiti hana siri: alipofariki, sababu ya kifo iliandikwa, na anwani pia.

Kwa mlango huo ndipo makarani walipoingia. Tangu 1894 idara ya jiji, chini ya Paul Juillerat, ilifungua jalada kwa kila nyumba. Ndani yake mlikuwa na ramani ya jengo, ghorofa zake, vyoo na mifereji yake. Kisha vifo, kimoja baada ya kingine. Ubeti, kwa asili yake ya Kiarabu, ni nyumba. Na majalada haya yasomeka kama tenzi za maombolezo ambazo mhusika wake mkuu ni nyumba, si mtu.

Majalada yalipojaa, ilidhihirika kwamba vifo havikuenea sawasawa. Zilikuwako nyumba zilizozika wapangaji, wakaja wengine, nao wakazikwa. Juillerat akaamini kuwa adui ni giza: vyumba vinavyofungukia ua mwembamba mithili ya kisima, jua lisifike chini. Si neno la kubezwa, kwani jua huua vijidudu vya maradhi haya. Ajabu ni kwamba dola yenyewe ilitoza kodi ya milango na madirisha tangu 1798. Aliyetoboa dirisha alilipa, aliyeliziba alipunguziwa. Kodi hiyo haikufutwa ila 1926. Mkono mmoja wa serikali ukihesabu wafu wa giza, wa pili ukiuza mwanga.

Hesabu ya majalada ilizaa mitaa 17 iliyohukumiwa kuwa hatari kwa afya, yenye wakazi zaidi ya 180,000, ikapewa nambari kwa kadiri ya vifo. Mtaa nambari 1, huko Beaubourg, ulibomolewa katika miaka ya 1930. Wakazi wakahama na umaskini wao, na pengine na kikohozi chao. Uwanja ukabaki kuegeshwa magari hadi ilipojengwa nyumba ya sanaa ya Pompidou, iliyofunguliwa 1977.

Mwaka 1921, jijini humo humo, mtoto mchanga alinyweshwa chanjo ya Calmette na Guérin kwa mara ya kwanza. Mama yake alikwisha kufa kwa kifua kikuu, na bibi aliyebaki kumlea alikuwa na maradhi yayo hayo. Jalada lingeandika kuta na madirisha. Hatari ilikuwa katika pumzi ya mlezi.

Mtaa nambari 16, katika eneo la Marais, ulikuwa karibu na mkia wa orodha. Miongoni mwa wakazi wake walikuwamo Wayahudi wengi. Mwaka 1941, Wajerumani wakiwa wameikalia Paris, ndio uliotangulizwa: nyumba zikatwaliwa kwa hoja ya afya, wakazi wakaamriwa kutoka. Tarehe 16 na 17 Julai 1942 polisi wakawakamata maelfu ya Wayahudi jijini, na wengi wakapelekwa Auschwitz. Hapo kifua kikuu hakikuwa na neno tena, ila jina lake lilibaki katika hati za utwaaji.

Nyumba kadhaa za mtaa huo hazikubomolewa. Zilikarabatiwa baadaye, na zingali zimesimama.