Siku za Kulipa

Nyumbani kwetu Tanga, nyuma ya mlango wa jiko, kuna kalenda ambayo wanaume hawaisomi. Kila baada ya Idi mama huandika pembeni herufi za mwanzo za majina yetu, na mbele ya kila herufi idadi ya siku ambazo mwenyewe hakufunga Ramadhani kwa sababu ya hedhi. Dada saba. Binamu tano. Mama mwenyewe sita. Hizo ndizo siku za kulipa. Anayelipa moja huikata kwa mstari.

Miaka miwili mfululizo herufi yangu ilikuwa na sifuri.

"Huyu kabarikiwa," shangazi alisema, na wote jikoni tukacheka. Nilikuwa na miaka 18. Siku zangu zilikuwa zimekatika tangu nikiwa kidato cha tano, na sikuwa nimemwambia mtu.

Nikitafuta mwanzo, huwa namkumbuka fundi cherehani. Nilikuwa kidato cha tatu, tumekwenda kupimwa sare za harusi. Alinizungushia futi kiunoni, akaisoma, akamwambia shangazi, "Kwa huyu ongezeni kitambaa." Hakusema kwa ubaya; alikuwa anahesabu yadi. Lakini binamu zangu walicheka, na jina la Bonge likanifuata hadi shule ya bweni.

Sasa najua fundi hakuniletea ugonjwa. Wasichana wangapi wameitwa Bonge wakaendelea kula chapati zao? Madaktari husema mizizi ni mingi na hukutana ndani ya mtu mmoja: kinachorithiwa katika ukoo, wasiwasi, tabia ya kutaka kila kitu kiwe sawasawa, maneno ya watu, picha tunazozitazama. Mimi nilikuwa mtoto wa kupiga pasi hata leso.

Kuhusu picha, kuna kisa cha Fiji ninachokirudia mara kwa mara, kwa sababu huko nako, kama kwetu pwani, mwili mnene ulikuwa sifa. Televisheni ilifika jimbo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule wiki chache baadaye, na hakuna aliyesema kwamba hujitapisha ili apunguze uzito. Mwaka 1998 alirudi na kuwauliza wengine wa rika lile lile. Safari hii walikuwa 11 katika kila 100. Mimi sikuhitaji hata televisheni. Nilikuwa na simu chini ya mto.

Nilianza kufunga Jumatatu na Alhamisi. Kisha siku nyingine. Katika nyumba kama yetu, nani atamuuliza binti anayefunga kwa nini anafunga? Sifa zilikuja zenyewe. Na jioni tulikula kwenye sinia moja, ambapo mikono ni mingi na hakuna anayehesabu matonge ya mwenzake. Ugonjwa wangu ulijificha ndani ya mambo mawili mazuri kabisa ya kwetu: ibada, na kula pamoja.

Dalili zilikuwepo wazi. Nilivaa sweta mwezi wa kwanza, Tanga, watu wakijipepea kwa magazeti. Nywele zilibaki kwenye chanuo. Mikononi niliota vinyweleo laini kama vya mtoto mchanga. Nilikuwa mkali kwa kila mtu. Na bado nilikuwa wa kwanza jikoni: kaimati, tambi, mihogo ya nazi, nikapika na kuwatazama wengine wakila.

Nilidhani hilo ni kichaa changu peke yangu, hadi niliposoma juu ya utafiti wa Minnesota, Marekani, wa mwaka 1944 na 1945. Wanaume 36 wenye afya njema walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita. Walianza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya, kununa, kujitenga. Waliingia wakiwa wazima. Kwa hiyo njaa yenyewe huipinda akili, na mtu akishafika hapo, kumwambia "si ule tu" ni sawa na kumwambia mwenye malaria aache kutetemeka.

Ilikuwa Rajabu, miezi miwili kabla ya Ramadhani, wakati wanawake wa nyumba wanapokimbizana na siku zao zilizobaki. Mama alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Aliitazama kalenda, akanitazama mimi.

"Mwanangu, mbona wewe huna siku za kulipa?"

Sikuwa na jibu. Aliacha nazi nusu.

Kwanza nilipimwa mimba. Kisha UKIMWI. Kisha nikapewa dawa za vidonda vya tumbo, kwa sababu hilo ndilo jina tulilonalo kwa kijana asiyekula. Shangazi alileta kombe. Nililinywa baada ya kuuliza kama lina asali. Hapo ndipo mama alipolia.

Daktari wa afya ya akili tulimpata Dar es Salaam. Alihesabu mapigo ya moyo wangu mara mbili, kama mtu asiyeamini saa yake, akanilaza siku hiyo hiyo. Mama alikuja na hotpoti ya pilau, akazuiwa mlangoni, akakasirika sana. Ilibidi aelezwe kwamba mwili uliozoea njaa ukishindiliwa chakula ghafla, madini ya damu huporomoka, na moyo unaweza kusimama. Walinipandishia chakula kidogo kidogo, wakinitoa damu kila asubuhi.

Daktari ndiye aliyelitaja jina: anoreksia. Lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni kukosa hamu ya kula. Nilitaka kumwambia kwamba jina hilo ni la uongo. Hamu nilikuwa nayo usiku na mchana. Nilichokosa ni ruhusa.

Tuliporudi nyumbani, dawa ilikuwa mama. Daktari alimweleza njia iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980: kwa muda, mzazi ndiye anayeamua mtoto ale nini na kiasi gani, na anakaa naye hadi sahani iishe, bila kumlaumu. Nikatolewa kwenye sinia. Nilipewa sahani yangu peke yangu, jambo ambalo kwetu hufanyiwa mgeni au mgonjwa. Nilimchukia mama kwa sahani ile. Niliwahi kumwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Alisubiri nimalize, akasukuma sahani karibu yangu kwa kidole kimoja.

Ramadhani ikaingia. Shehe alisema mgonjwa ana ruhusa, atalipa akipona. Kila adhuhuri, nyumba nzima ikiwa kimya kwa saumu, mama alinipikia. Uji, samaki, wali wa nazi. Midomo yake imekauka. Hakuonja hata chumvi, alikisia. Kisha alikaa mbele yangu, mikono mapajani, akanitazama nikila kwa muda wa saa nzima, na yeye hajatia maji kinywani tangu daku. Siku ya tisa au ya kumi nilimuuliza kama haoni tabu.

"Mimi magharibi nitafungua," alisema. "Wewe je?"

Sikupona siku hiyo. Nilirudi nyuma mara mbili, na mpaka leo ninakwenda kwa daktari. Lakini niliimaliza sahani.

Miezi minane baada ya Idi nilimwita mama chooni, nikamwonyesha. Hakusema neno. Alikwenda jikoni, akavuta mlango, akachukua kalamu.

Herufi yangu sasa ina 30 mbele yake. Dada na binamu walishakata mistari yao wakamaliza. Mimi bado sijaruhusiwa kulipa hata siku moja, na mama amesema deni hilo halina haraka.