Muhula Mmoja Ujerumani: Umwache Aende?

"Kwani hapa Bongo hakuna vyuo?" Hilo ndilo swali la kwanza analokutana nalo mwanachuo anapomwambia mchumba wake kwamba anataka kwenda kusoma muhula mmoja nje. La pili huwa halisemwi, ila wote wawili wanalisikia: "Na mimi je?"

Tuanze na la kwanza. Chukua mfano wa Bayreuth, mji wa watu 70,000 na ushee huko Bavaria. Wapenzi wa muziki wanaujua kwa opera za Richard Wagner, lakini chuo kikuu chake, kilichoanza kufundisha mwaka 1975, kimebobea pia kwenye masomo ya Afrika. Wataalamu wa Kiswahili wamekuwa wakikutana hapo kwa makongamano miaka nenda rudi. Yaani unakwea pipa hadi Ulaya, unamkuta Mjerumani anakuchambulia ngeli!

Halafu kuna yale yasiyo kwenye mtaala. Ratiba ikiandikwa saa nne na herufi "c.t.", mhadhara unaanza saa nne na robo kamili. Chupa ya soda ya plastiki unairudisha dukani, unapewa senti 25 zako. Jumapili maduka mengi yamefungwa, kwa hiyo usiponunua mchele Jumamosi, imekula kwako. Desemba giza linaingia saa kumi na nusu jioni, na hakuna mama wala shosti wa kukugongea mlango. Hapo ndipo binti anajua anaweza nini akiwa peke yake, mahali ambapo hakuna anayemwita "mtoto wa mzee fulani". Hicho ndicho anachokifuata, na hakipatikani kwa kuhamia hosteli ya Mabibo.

Na huyu haendi majuu kubeba boksi akapotelea huko. Muhula wa baridi unaanza Oktoba, vipindi vinaisha Februari. Tangu mwaka 2015, mpango wa Erasmus+ umefungua mlango kwa wanafunzi wa Afrika pia, pale chuo cha nyumbani kinapokuwa na makubaliano na cha huko.

Sasa lile la pili. Tusidanganyane: utafiti wa Tume ya Ulaya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya waliopitia Erasmus walikutana na wenzi wao wa maisha wakiwa masomoni huko. Ndiyo, una haki ya kupata presha kidogo. Lakini hao 73 waliobaki je?

Ongeeni kabla tiketi haijakatwa. Wakati wa baridi sisi tuko mbele kwa saa mbili, hivyo saa tatu usiku ya Dar ni saa moja ya kwake, muda mzuri wa kupiga simu. Ila simu isiwe ya kuitana mahudhurio. Muulize amejifunza nini, na wewe umwambie yako. Ukimzuia, atabaki na wewe, lakini kila mkigombana safari hiyo ndiyo itakayotajwa kwanza. Miezi mitano inapita. Wewe hakikisha tu siku anayotua, uko uwanjani.